Usilaumu rangi, uliza ukuta

Watu wakija Lamu wanapiga picha kuta. Halafu wanarudi kwao, wanataka ukuta wa aina hiyo sebuleni Nairobi, wanaenda dukani wananunua ndoo ya rangi ya plastiki na rola, na baadaye wananitumia meseji na picha: mbona ya kwangu imekaa kama nailoni? Mi huwa nawajibu kwa swali, umepaka juu ya nini? Basi hapo wananyamaza, manake hakuna aliyeangalia. Kila mtu aangalia ndoo, jina la rangi, brashi ya bei gani, na ukuta wenyewe umesimama tu pale hakuna aliyeuuliza kitu.

Mi si fundi. Nimeolewa kwenye nyumba ya mawe huku mtaa wa Langoni, nyumba ya wakwe, ya zamani sana, na nyumba hizi zinakufunza kupaka utake usitake. Ongeza jiko la Ramadhani, ongeza mashangazi na khalati wanaokupa bakuli la hina wakakwambia "kaa hapo uchanganye mpaka tukwambie basi". Miaka yote hiyo nimebaki na msimamo mmoja ambao nitaubishania na yeyote: mpako ukitoka na madoa, ukimenyuka, ukiteleza, aghalabu kosa haliko kwenye unachopaka, liko kwenye kile unachopaka juu yake, yaani kimekauka kupita kiasi au kimelowa kupita kiasi, au kina mafuta, na hakuna brashi ya bei yoyote itakayokusaidia.

Tuanze na chokaa kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinaonekana wazi.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe. Jiwe la tumbawe lina vitundu vitundu, linakunywa maji hatari. Fundi wetu, mzee wa hapa hapa mjini, akija kupaka chokaa kazi yake ya kwanza ni kufagia ukuta kwa ufagio mkavu, vumbi na chokaa ya zamani iliyolegea yote ianguke, halafu anachukua ndoo ya maji matupu na kuanza kuurushia. Mara ya kwanza naona hivyo nikamuuliza, "Ami, si umeshausafisha?" Akanambia, "Mwanangu, nimeusafisha vumbi. Sasa naunywesha." Akaendelea kurusha maji na mimi nimesimama na kikombe chake cha chai kinapoa.

Ukiijua chokaa inavyofanya kazi utaelewa kwa nini haharakishi. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Zamani yalikuwa yanapangwa juu ya magogo kwenye tanuu na kuchomwa, na moto ukifika kama nyuzi 900 za selsiasi jiwe linatoa hewa yake ya kaboni dioksaidi, linabaki jepesi na kali, ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila jiko. Hiyo ndiyo kuzima chokaa. Ikishazimwa inaachwa ndani ya maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Sasa ukija kuipaka ukutani, haigandi kwa kukauka, hapa ndipo wengi hawapati. Inaganda kwa kuirudisha ile kaboni dioksaidi kutoka hewani, taratibu, inageuka tena kuwa jiwe lile lile lililochomwa. Na ili iirudishe inataka unyevu. Ukuta ukiwa mkavu unanyonya maji yote kabla hata hujainua brashi, chokaa inabaki unga mtupu, ukiegemea baraza unainuka na mgongo mweupe, na hapo mwenye nyumba anaanza kusema chokaa siku hizi si kama ya zamani.

Na inapakwa nyepesi, wepesi wa maziwa, imechujwa kwa kitambaa isiwe na mabonge. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, ukipita hauoni kitu, ukuta unaonekana kama umelowa tu, basi mtu asiyejua anaingiwa na tamaa ya kuongeza iwe nzito ili aone weupe. Usiongeze! Chokaa mbichi haionyeshi, weupe unakuja ikikauka. Ukiipaka nzito itapasuka vipande vipande na kuanguka, kwa sababu juu inakauka upesi na chini bado. Mikono minne mitano myembamba, kila mmoja usubiri uliopita ushike, na kabla ya kila mkono unanyunyiza maji tena. Mkono mmoja brashi inakwenda juu na chini, unaofuata inakwenda kulia na kushoto, ndio zile alama za brashi zinapotea.

Jua pia linahesabika. Kaskazi ikivuma na jua limesimama, ukuta wa mashariki usiuguse asubuhi, fuata kivuli, upande wenye kivuli ndio unapakwa, jua likihama na wewe unahama. Fundi wangu ikibidi anatundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta. Ah, na macho. Chokaa ikiingia jichoni ni hatari, inaunguza, kwa hivyo vaa miwani, na ikikurukia osha kwa maji mengi mengi papo hapo na uende hospitali, usingoje kuona kama itapoa.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo majirani wengine hawatalipenda. Saruji na rangi ya plastiki juu ya nyumba za mawe ni balaa. Najua chokaa ina kazi, najua mafundi wake wamepungua, najua saruji iko kila duka. Lakini hizi kuta zinapumua, maji yanapanda kutoka chini na yanatoka yakiwa na chumvi, tuko kisiwani hakuna namna. Ukuta wa chokaa unaachia yale maji yatoke na chumvi itokee juu, unaifagia, unapaka tena, maisha yanaendelea. Ukiziba kwa saruji maji yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta inajenga vipande vyake huko huko na kusukuma, siku moja unasikia kishindo usiku, bamba zima la ukuta liko chini. Rangi ya plastiki yenyewe inafura malengelenge kwanza, halafu inamenyuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nimeliona hilo kwenye nyumba ya ndugu kabisa, nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za plasta za kuchongwa za karne ya 18, wamezipitishia rola juu mpaka nakshi zikazibika, nikashindwa hata kunywa kahawa niliyopewa. Mji huu uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo wapo wanaodhani chokaa ni mambo ya kuwafurahisha wageni. Wageni hawahusiki hapa, ni hesabu ya maji tu.

Kwenye nyumba ya kisasa ya mawe ya bloku yenye plasta ya saruji rangi ya plastiki haina shida, tumia, ila sheria ni ile ile. Plasta mpya inakunywa, kwa hivyo mkono wa kwanza uzimue kwa maji. Na usipumzike katikati ya ukuta kwenda kujibu simu, maliza ukuta mzima ukiwa bado mbichi, la sivyo pale ulipoachia patabaki mstari utakaouona kila siku ukiwa umekaa na wageni.

Mlango ni kinyume chake. Ule mlango wa nakshi wa msaji au mfenesi, mbao yenyewe ina mafuta, huinyweshi maji, unaipiga msasa kidogo, unafuta vumbi, unapaka mafuta ya kitani kwa kitambaa na baada ya kama robo saa unafuta yote ambayo mbao haikunywa. Yote. Mafuta yanayobaki juu yanageuka gundi na kuvuta vumbi la mtaa mzima. Usitumie mafuta ya nazi hata kama nyumba imejaa nazi, hayakauki, mafuta ya kitani yanakauka kwa sababu yanashikana na oksijeni ya hewani na kuwa magumu. Na ndio maana kitambaa ulichotumia usikifinyange ukakitupa kwenye kona ya stoo, joto linajikusanya ndani kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kitie ndani ya maji.

Haya, jikoni.

Mabuyu mnayajua. Mbegu ya mbuyu imevaa unga wake mweupe mkavu, na ule unga unakunywa shira vile vile jiwe linavyokunywa maji. Ndio maana ukimwaga shira nyepesi mabuyu yanailewa yote na kubaki tope, yananata kwenye karatasi, watoto wanarudisha. Sukari na maji, iliki, rangi, pilipili kwa wanaopenda, vichemke mpaka shira iwe nzito, ukiigusa kwa mwiko inavuta nyuzi, hapo ndio unatia mabuyu na kupunguza moto, na kugeuza, kugeuza, kugeuza. Usiache. Kila ukigeuza ile sukari inaanza kurudi kuwa punje, na punje zinakamata kila mbegu pande zote, mwisho unasikia sauti imebadilika sufuriani, badala ya kunata yanagongana. Toa sasa hivi, mwaga kwenye sinia, tenganisha.

Kwenye kaimati watu wanagombana hapa kwetu, kuna wanaotaka shira ing'ae na kuna wanaotaka ile iliyoganda nyeupe. Wote wana haki, tofauti yao ni ndimu. Ukikamua ndimu kidogo kwenye shira inayochemka ule ukali unaivunja sukari, haiwezi tena kujipanga ikawa punje, kwa hivyo itabaki inang'aa. Ukitaka ya kuganda usitie ndimu, na endelea kuzirusha kaimati kwenye sufuria hata baada ya kuepua. Watu wananiambia wamefuata maelezo kutoka kwa mtu wa TikTok kaimati zikatoka zimelowa, na ukiuliza unakuta kaimati zilitolewa kwenye mafuta zikarundikwa kwenye bakuli zikafunikwa. Zimefukika, ganda limelainika, shira inaingia ndani badala ya kukaa nje. Zitandaze kwanza zipumue, ganda libaki gumu, ndio uzivishe.

Viazi vya karai: tatizo maji tu. Umechemsha viazi, umemenya, bado vinafuka moshi unavitumbukiza kwenye uji wa ngano na bizari, unashangaa ukivitia kwenye mafuta koti lote linabaki karaini na kiazi kinatoka uchi. Ule mvuke unatoka ndani na kulisukuma koti. Wacha vipoe kabisa, hata vilivyolala ni vizuri zaidi, kisha vigaragaze kwenye unga mkavu kwanza halafu ndio uji. Unga mkavu unakunywa unyevu wa kiazi na kuupa uji pa kushika. Na mafuta yawe moto sawasawa, yakiwa vuguvugu uji unatambaa kabla haujaganda.

Samaki wa kupaka nimemweka peke yake kwa sababu hapa ndio naona watu wanaharibu kitu kizuri. Wanamchukua changu au tafi mbichi kabisa, bado anatoka maji, wanammwagia tui lote juu na kumweka kwenye jiko, basi tui linadondoka makaani, moto unafoka, majivu yanapanda, samaki anakuwa na ladha ya moshi mchungu na juu hana kitu. Mchane samaki mikato, mtie chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, mwache anywe. Baadae mfute. Ndio, mfute, kile kimaji kilichotoka usikionee huruma. Mchome kwanza hivyo hivyo bila tui mpaka ngozi ikauke na kukaza pande zote mbili. Tui lenyewe ni la kasimile, lile la mkamuo wa kwanza, na halipakwi bichi, lishapikwa na nyanya, bizari na ukwaju mpaka limekuwa zito na linashika mwiko. Paka upande mmoja kwa wembamba, lisubiri likauke na kuanza madoa ya hudhurungi, geuza, paka upande wa pili, geuza tena. Mpako mmoja mnene hauwezi kufanya kazi ya mipako mitatu myembamba, maana juu utaungua na chini bado maji. Makaa ya vifuu yakishavaa majivu meupe ndio moto wa kazi hii, miali ikiwa bado inacheza ngoja.

Kwenye mwili sheria zinabana zaidi kwa sababu ngozi huwezi kuipiga msasa (ingawa singo ya kusugulia mwili inakaribia, waulize mabibi harusi). Hina haishiki kwenye ngozi yenye mafuta, kwa hivyo yule anayejipaka losheni asubuhi halafu anakuja kwa mpakaji jioni analeta kazi bure. Aoshe kwa sabuni, akauke. Hina yenyewe iwe imechekechwa kwa kitambaa laini kama mtandio wa zamani, ikandwe na ndimu na sukari kidogo, ikae mpaka itoe rangi. Ile rangi inaitwa lawsoni, inajishikisha kwenye protini ya ngozi ya juu, na ndio maana kiganja na wayo zinakolea kuliko mgongo wa mkono, ngozi pale ni nene. Ukipaka wayo mzima, ule mtindo wa mabibi wetu wa kujaza bila maua, paka kwa unene ule ule kote, manake pembeni palipo pembamba panakauka kwanza na kupasuka, na hina ikishakauka imeacha kutoa rangi. Kukauka kukianza, dondosha maji ya ndimu na sukari kwa pamba. Kutoa, kwangua kwa kisu butu na upake mafuta, maji yaache mpaka kesho. Rangi ya chungwa utakayoiona usiililie, inakolea yenyewe siku ya pili.

Piko je. Shangazi zangu hawataki kusikia ila nasema. Ile nyeusi inayokolea kwa nusu saa haitoki kwenye mti wowote, mara nyingi ni dawa ya nywele iliyotiwa kemikali inaitwa PPD, na kuna watu imewatoa malengelenge yaliyofuata maua yote ya mchoro, na ngozi ikishaichukia inaichukia maisha, hata ukija kupaka nywele rangi uzeeni. Mtoto mdogo usimpake piko kwa ajili ya Idi. Msubirishe na hina.

Krimu ya jua niiseme haraka kwa sababu vijana wa mashua wananicheka nikiitaja. Tuko nyuzi 2 na kitu kusini mwa ikweta. Ile namba ya SPF, ya kinga ya jua, kwenye chupa inapimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita 1 ya mraba ya ngozi, na watu wengi wanapaka chini ya hapo sana, kwa hivyo unayoilipia siyo unayoipata. Hii peke yake kwenye makala nzima ndiyo nitakwambia ongeza. Na ipake kabla ya jasho, juu ya ngozi kavu. Masikio pia, kila mgeni anasahau masikio.

Kilichobaki ni vyombo vya baharini, na hapa ile chokaa inarudi kwa sura nyingine kabisa. Jahazi au mashua ikishatiwa kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta ikapigiliwa kwenye maungio ya mbao, inapakwa mara mbili kwa vitu viwili. Juu, penye hewa na jua, inapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, mbao isikauke ikapasuka. Chini, penye maji, inapakwa deheni, chokaa iliyopondwa na shahamu ya mnyama. Ukutani chokaa inapitisha maji, na kwenye chombo chokaa hiyo hiyo ikishikana na mafuta inageuka aina ya sabuni isiyoyeyuka, maji hayapiti, na mdudu anayetoboa mbao anapata kazi ngumu kuingia. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo hapa kisiwani, hawakuhitaji kemia kulijua hilo.

Ila deheni haishiki kwenye mbao iliyolowa, na chombo kinaishi majini, basi wafanyeje? Wanangoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapojaa sana na kukupwa sana. Chombo kinapandishwa maji yakijaa, yakipwa kinabaki mchangani, wanakwangua chaza na majani, wanawasha makuti na kuyapitisha chini ya ubavu, moto unakausha mbao na kuua vilivyojificha. Deheni inapakwa mbao ikiwa bado ina joto, kwa mkono, mkono mtupu, kwa sababu kiganja kinasikia pale ambapo pana bonge au pamerukwa. Upande mmoja, halafu wanakilaza upande wa pili, na kazi yote iwe imekwisha kabla maji hayajarudi, manake maji hayangojei mtu amalize sigara.

Ukitaka kuja kuona, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, na uvae nguo ambayo hujali kuitupa. Shahamu inatoka kwa sabuni na subira. Harufu ya sifa haitoki, na matatu nyingi hazitakubali kukupakia.